Mtoto Juu ya Magurudumu

Asubuhi na mapema, jua likiwa bado nyuma ya vilima, barabara za Butembo zimekwisha kujaa watu. Mama mmoja ashuka polepole, mtoto yuko mgongoni, amefungwa kwa kitenge. Vijana wawili wasukuma baiskeli yenye mabidoni ya mafuta ya mawese; mmoja ashika usukani, mwenzake asukuma kwa nyuma. Pikipiki yapita mbio, na juu yake wamekaa watu wanne: dereva, watoto wawili wa shule, na mama yao nyuma kabisa. Halafu yaja baiskeli nyingine. Baba yuko mbele akikanyaga pedali, na nyuma yake, juu ya keria, ameketi mtoto wa miaka minne aliyemshika babake kiunoni.

Mtazameni mtoto huyu. Amefurahi sana, maana ni mtoto gani asiyependa kupanda baiskeli? Lakini tazameni na miguu yake. Yaning'inia huku na huku, karibu kabisa na gurudumu linalozunguka, na viatu hana.

Gurudumu la baiskeli lina vyuma vyembamba vingi viitwavyo spoki. Mkizihesabu, mara nyingi mtapata 36. Gurudumu likiwa limesimama, mtu aweza kupitisha mkono kati ya spoki mbili. Likizunguka, nafasi ile haionekani tena, lakini bado ipo. Mguu wa mtoto ukiteleza ukaingia humo, spoki huuvuta mbele mpaka kwenye chuma cha fremu, nao hubanwa hapo. Ngozi ya kisigino huchubuka vibaya, na mara nyingine mfupa huvunjika. Waganga wa nchi zote zenye baiskeli nyingi wanalijua jeraha hili, nalo huwapata hasa watoto wadogo wachukuliwao nyuma. Si jeraha la kupona upesi, kwa sababu nyuma ya kisigino ngozi ni nyembamba na nyama chini yake ni kidogo.

Je, mtoto yule ni mjinga hata atie mguu wake katika gurudumu? Sivyo. Mara nyingi amesinzia. Mwendo wa baiskeli humlaza mtoto kama wimbo wa mama. Kichwa chamlalia baba mgongoni, mikono yalegea, na miguu nayo hujiendea ipendako. Baba haoni, maana macho yake yatazama barabara. Asikia kilio tu.

Dawa ya jambo hili ni rahisi, tena haina gharama kubwa. Chukua bidoni la manjano lililotoboka, likate upate vipande viwili vipana, uvifunge kwa waya huku na huku kati ya keria na mhimili wa gurudumu, ili spoki zifunikwe. Kisha funga kipande cha mti au cha chuma kila upande, pawe mahali pa mtoto kukanyaga. Kazi hiyo ni ya saa moja. Yashangaza kuona baba aliyekaa siku nzima akipamba baiskeli yake kwa rangi na vioo, naye hakupata saa moja kwa ajili ya kisigino cha mwanawe.

Hata spoki zikifunikwa, limebaki jambo jingine. Mtoto aketiye juu ya keria yuko mbali na ardhi kiasi cha mita moja, hesabuni toka kichwa chake nanyi mtaona kuwa ni zaidi. Baiskeli ina magurudumu mawili tu, moja mbele ya jingine. Ikienda, husimama wima. Ikisimama, huanguka isiposhikwa. Basi ajali nyingi za watoto hazitokei wakati wa mwendo mkali. Hutokea baba anaposhuka nyumbani au sokoni, akaishika baiskeli kwa mkono mmoja, akageuka kusalimu mtu. Baiskeli hulala upande, na mtoto huanguka pamoja nayo, kichwa kwanza.

Kwa sababu hiyo watu wa nchi nyingine walitafuta njia nyingine. Hawakumweka mtoto juu ya baiskeli. Walimweka nyuma yake, ndani ya kigari kidogo cha kuvutwa.

Kigari hiki kina magurudumu mawili yaliyo sambamba, moja kuume na moja kushoto, kama mkokoteni. Kati ya magurudumu pana kiti cha kitambaa kigumu au cha mbao, na juu yake turubai la kuzuia mvua na jua. Mbele hutoka mkono mrefu wa chuma, nao huungwa na baiskeli karibu na mhimili wa gurudumu la nyuma. Mahali pale pa kuungia ndipo penye akili yote ya chombo hiki. Haitoshi kufunga kwa msumari, maana baiskeli hulala kidogo upande kila inapokata kona, na kigari lazima kibaki kimesimama sawasawa. Kwa hiyo kiungo chake hugeuka pande zote, kama bega la mtu: baiskeli yaweza kulala chini kabisa, na kigari hakipinduki. Mtoto aliye ndani aona baba yake ameanguka, naye mwenyewe amekaa kitini pake, pengine anacheka.

Tena mtoto amekaa chini, karibu na ardhi, na chombo kilichobeba uzito wake chini hakipinduki upesi. Wachuuzi wa Butembo wanalijua neno hili bila kufundishwa. Tazameni jinsi wanavyofunga mzigo juu ya baiskeli: magunia mazito huning'inizwa chini kabisa ubavuni, na vitu vyepesi huwekwa juu. Mwenye kufunga kinyume chake hafiki mbali.

Katika mji wa Copenhagen, nchi ya Denmark, wazazi wengi huwapeleka watoto wao shuleni kwa vyombo vya namna hii. Wengine huvuta kigari nyuma. Wengine hutumia baiskeli ya magurudumu matatu yenye sanduku kubwa mbele, ambamo watoto wawili hukaa wakitazama njia. Baiskeli za sanduku zilizojulikana sana zilianza kutengenezwa miaka ya 1980 na mafundi wa mtaa uitwao Christiania katika mji huo. Lakini wala hamna haja ya kwenda hadi Ulaya. Huku Afrika, katika nchi za Uganda, Malawi na Zambia, mafundi wameunga vigari vyenye kitanda nyuma ya baiskeli, ili wagonjwa na wanawake wenye kukaribia kujifungua wapelekwe hospitalini kutoka vijiji ambavyo gari halifiki. Mwanzo watu walimbeba mgonjwa kwa machela mabegani, wanaume wanne wakipokezana. Sasa mtu mmoja na baiskeli hufanya kazi ya wanne. Kigari kiwezacho kumchukua mama mgonjwa bila kumtikisa sana, bila shaka chaweza kumchukua na mtoto mzima.

Sasa mtauliza: mbona basi vigari hivi havijai katika barabara za Butembo? Jibu liko chini ya miguu yenu. Ni vilima.

Butembo imejengwa juu ya milima, kwenye urefu wa mita 1,700 hivi juu ya bahari. Mitaa ya Kimemi, Bulengera, Mususa na Vulamba imepanda na kushuka kama mawimbi, na mito midogo hupita katika mabonde yake. Beni, iliyo kaskazini kwa kilomita 54 hivi, iko chini zaidi kwa kiasi cha nusu kilomita, karibu na msitu na bonde la Semliki. Beni nayo si tambarare kama meza, lakini miinuko yake mingi si mikali kama ya Butembo. Mtu aendaye kwa baiskeli kutoka Butembo kwenda Beni husaidiwa na mteremko katika sehemu kubwa ya njia. Wakati wa kurudi hulipa deni lote.

Fanyeni hesabu. Baba ana kilo 65. Baiskeli yake ina kilo 18, kigari kilo 12, na mtoto kilo 15. Jumla ni kilo 110. Wakifika penye mwinuko ambao kwa kila mita 10 za njia hupanda mita 1, mzigo wote wawavuta nyuma kwa nguvu ya kilo 11 hivi. Yaani ni kama mtu anayevuta kutoka kisimani ndoo ya lita 11, bila kupumzika, toka chini ya kilima hadi juu. Hakuna haja ya kustaajabu basi kuona watu wa Butembo wanashuka na kusukuma. Kusukuma si aibu. Baiskeli inayosukumwa yaweza kubeba mzigo ambao hakuna apandaye awezaye kuubeba.

Lakini kupanda huchosha tu. Kushuka ndiko kunakoua. Zile kilo 11 zilizomvuta baba nyuma alipopanda, ndizo zinazomsukuma mbele anaposhuka, na hazichoki kama yeye anavyochoka. Baiskeli huanza polepole, kisha huongeza mwendo. Na hapa iko kanuni moja ambayo kila mwanafunzi apaswa kuijua: mwendo ukiwa mara mbili, njia ya kusimamia huwa mara nne. Ikiwa baiskeli yenye mwendo wa kilomita 10 kwa saa huhitaji mita 2 ili isimame baada ya breki kushikwa, basi kwa kilomita 20 itahitaji mita 8, na kwa kilomita 30 itahitaji mita 18. Mita 18 zaweza kuwa ndefu kuliko darasa lenu. Katika mita hizo mbuzi hupita, lori hugeuka, mtoto wa jirani hukimbilia mpira wake.

Breki zenyewe hufanya kazi kwa kusugua. Vipande vya mpira hubana ringi ya gurudumu, na kwa kusuguana huko mwendo hugeuka kuwa joto. Baada ya mteremko mrefu, gusa ringi kwa uangalifu, utaona ni ya moto. Mvua ikinyesha, ringi huwa telezi, na breki haishiki mpaka gurudumu lizunguke mara kadhaa na kufuta maji. Butembo iko karibu sana na ikweta, na mvua hunyesha katika miezi mingi ya mwaka. Basi jambo hili si la kusahau. Na kigari chenyewe mara nyingi hakina breki. Baiskeli ikisimama ghafula katika kona, kigari huendelea kusukuma kwa nyuma na huipindua baiskeli upande. Mwenye kigari hushika breki mapema na kidogo kidogo, angali katika njia iliyonyoka, kabla ya kuingia konani.

Wanaojua mteremko kuliko watu wote ni wenye chukudu. Chombo hiki cha mbao kilizaliwa katika mkoa huu wa Kivu ya Kaskazini, na mjini Goma kimesimamishiwa sanamu kubwa ya rangi ya dhahabu. Kina ubao mrefu wa mkaratusi, usukani wenye pembe mbili, na magurudumu mawili ya mbao ngumu yaliyovikwa mpira wa matairi ya zamani. Pedali hakina, cheni hakina. Penye njia tambarare mwenyewe hupiga goti moja juu ya ubao, na kwa mguu wa pili husukuma ardhi. Penye mteremko hupanda na kuachia, naye aweza kuwa na mamia ya kilo ya viazi, kabichi au makaa. Breki yake ni kipande cha mpira kilicho juu ya gurudumu la nyuma, hukikanyaga kwa mguu. Watoto hupenda sana kudandia chukudu, na wengine hutengeneza chukudu ndogo za kuchezea. Za kuchezea hazina neno, penye uwanja. Ile kubwa yenye mzigo si mahali pa mtoto, maana ikishindwa kusimama, mwenyewe huruka pembeni. Mtoto aliyeketi juu ya magunia ataruka wapi?

Ajabu ni kwamba baiskeli ya kwanza kabisa ya Ulaya ilifanana na chukudu. Mwaka 1817, Mjerumani mmoja jina lake Karl Drais aliunda chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani, bila pedali, na aliyekipanda alisukuma ardhi kwa miguu. Pedali zilitiwa baadaye huko Ufaransa, miaka ya 1860. Baiskeli yenye magurudumu yaliyo karibu sawa na cheni ya nyuma, kama tunayoijua, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1885, kazi ya fundi John Kemp Starley wa mji wa Coventry.

Lakini magurudumu ya siku zile yalikuwa magumu, na barabara za mawe ziliwatikisa wapandao mpaka meno yakagongana. Aliyeleta nafuu alifanya hivyo kwa ajili ya mtoto. Alikuwa mganga wa wanyama katika mji wa Belfast, jina lake John Boyd Dunlop. Mwanawe mdogo alikuwa na baiskeli ya magurudumu matatu, naye alitikiswa sana njiani. Baba akatengeneza bomba la mpira, akalijaza hewa, akalifunga kuzunguka gurudumu. Mwaka 1888 alipewa hati ya uvumbuzi wake. Hewa iliyo ndani ya mpira huliinamia jiwe dogo, kisha hurudi mahali pake, na mtoto aliyeketi juu hasikii sana pigo lile. Ndiyo maana kigari cha mtoto kifungwe magurudumu yenye hewa, si ya mbao wala ya mpira mtupu.

Na mpira huo ulitoka wapi? Ulaya hakuna mti wa mpira. Baiskeli zilipokuwa nyingi, na magari baada yake, mpira ulitafutwa kwa bidii, na mwingine ulitolewa katika misitu ya Kongo. Siku zile, kuanzia mwaka 1885 hadi 1908, Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji. Watu wa vijiji walilazimishwa kuingia msituni kukata mitambaazi ya mpira na kuleta uzito uliowekwa. Walioshindwa walipigwa, wake zao walifungwa kama rehani, wengi waliuawa, na wako waliokatwa mikono, hata watoto. Habari hizo zilipoenea duniani, kelele zilikuwa kubwa hata mfalme akalazimika kuiacha nchi mikononi mwa serikali ya Ubelgiji mwaka 1908. Mtoto wa Belfast alipata mwendo laini, wala hakujua lolote. Watoto wa Kongo wanaopanda baiskeli leo wana haki ya kujua.

Turudi barabarani. Kigari kiko chini, na kwa ajili hiyo hakipinduki; lakini kwa ajili hiyo hiyo dereva wa lori hakioni. Anapoketi juu katika lori lake lenye mbao za kupeleka Kasindi, baiskeli aiona, ila kile kinachofuata nyuma hakioni. Basi wenye vigari hufunga nyuma mti mwembamba wenye bendera ndogo nyekundu au ya manjano, mrefu kupita kichwa cha baba. Vumbi nalo ni adui. Wakati wa kiangazi magari huinua vumbi jekundu, na mtoto aliye chini hulimeza zaidi kuliko mtu mzima aliye juu. Turubai la mbele husaidia kidogo. Afadhali kupita njia za mitaani zisizo na malori, hata kama ni ndefu. Lakini vijia vile vya bustanini, vinavyomtosha mtu na jembe lake, havikitoshi kigari chenye upana wa sentimita 80. Gurudumu moja litakuwa njiani na jingine ndani ya maharagwe ya watu.

Anayevuka mpaka wa Kasindi kuingia Uganda na akumbuke pia kwamba Kongo huenda upande wa kuume wa barabara, na Uganda upande wa kushoto. Wapo waliosahau.

Liko na jambo lingine ambalo breki haiwezi kulizuia. Tangu mwaka 2014 watu wenye silaha wameua raia wengi sana katika nchi ya Beni, na vijiji vingi vimehamwa. Siku za kukimbia, baiskeli huwa nyumba ya familia. Godoro hukunjwa na kufungwa nyuma, masufuria huning'inia ubavuni, kuku wamefungwa miguu kwenye usukani, na juu ya godoro ameketishwa mtoto asiyeweza kutembea mbali. Baba ashika usukani, mtoto mkubwa asukuma nyuma, mama afuata na mchanga mgongoni. Hapo hakuna aulizaye kama spoki zimefunikwa. Wale waliozifunika siku za amani ndio walio nazo zimefunikwa siku ile.

Kwa wenye kutaka kigari, mafundi wa kuunga vyuma si haba Butembo wala Beni, na bomba la chuma, magurudumu mawili ya baiskeli ya mtoto na turubai hupatikana madukani. Fundi aangalie kwamba uzito wa mtoto ukae mbele kidogo ya mhimili wa kigari. Ukikaa nyuma, mkono wa chuma huinuka na kuinyanyua baiskeli, na gurudumu lake la nyuma halishiki ardhi vizuri. Mtoto afungwe mkanda unaopita mabegani na kiunoni, avae kofia ngumu kama ipatikanapo, na asiwe chini ya mwaka mmoja, maana shingo yake bado haina nguvu ya kukishika kichwa njiani. Mtoto mchanga mahali pake ni mgongoni mwa mama.

Kila asubuhi, kabla ya kuondoka, baba ainue gurudumu la nyuma na kulizungusha, ashike breki aone kama lasimama mara moja. Kisha abonyeze matairi yote manne kwa kidole gumba, avute mkono wa chuma kwa nguvu aone kama kiungo kimekaza, na aangalie mikono ya mtoto iwe ndani. Halafu apande kitini. Akifika juu ya mteremko mkali wa Butembo, ashuke tena, ashike breki zote mbili, na atembee kwa miguu mpaka chini bondeni, mtoto akitazama nje ya turubai.